Nduma ya Mama Lewis

Wanaume kumi na wanne walikuwa wameketi kando ya barabara, wameipa bustani mgongo. Injinia Ogeto alikuwa katikati yao, kofia yake ya njano imetulia juu ya goti. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na mji wote wa Kisii ulikuwa ukipita mbele yao: makarani wakienda ofisini, wachuuzi wa ndizi, wanafunzi waliochelewa. Watu waliwauliza kama wamegoma au wamefutwa. Waliendelea kutazama barabara. Chini yao, bondeni, wanawake tisa walikuwa wakivunja kwa sururu njia ambayo wanaume hao hao walikuwa wameijenga mwezi wa Desemba. Mimi nilisimama katikati ya pande hizo mbili, nimeshika ramani niliyoichora mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu niichore sikuwa na haja ya kuifungua.

"Ondieki!" sauti ya mwanamke iliita kutoka bondeni. Alikuwa Purity, mcheshi wa kundi lile, akimwita nyapara wa vibarua. "Ukigeuka tu utakuwa nguzo ya chumvi!"

"Basi mtakosa wa kuwalipa leo," Ondieki alijibu, uso ukiwa bado barabarani, na wanawake wakacheka.

Mama Lewis hakucheka. Alikuwa amepiga magoti penye kabro, yale matofali ya njia, zilizong'olewa, mkono wake umezama hadi kwenye kiwiko katika udongo mweusi, anatafuta kitu kwa vidole.

*

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza bustani ile. Nilikuwa nimesomea usanifu wa mandhari, na katika hotuba yangu ndogo ya usaili nilisema kwamba mji usio na mahali pa kupokelea mvua ni kama nyumba isiyo na mlango. Walitabasamu, wakanipa kazi.

Bonde lenyewe lilikuwa limeteseka. Zamani lilikuwa tindiga, lakini watu wa matofali walichimba mashimo, wenye magari wakamwaga taka, na mtu fulani, miaka mingi iliyopita, akapanda mikaratusi hamsini na kitu ili ikaushe ardhi. Ilikausha. Mvua iliponyesha, maji ya mapaa na ya barabara, pamoja na mafuta ya gereji na mifuko ya plastiki, yalipita bondeni kama mtu anayekimbizwa na kuingia mtoni yakiwa machafu vile vile. Kazi yangu ilikuwa kuyafanya yatembee polepole. Nilichora mifereji mipana ya nyasi, njia ya kabro zenye matundu ya kunyonya mvua, na chini kabisa bwawa la kina kifupi lenye matete na mafunjo, ambalo lingechuja maji kabla hayajafika mtoni. Ili matete yaishi wakati wa kiangazi, bwawa lilihitaji maji yasiyotegemea mvua. Lilihitaji ile chemchemi ambayo kila mzee wa pale aliikumbuka na ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kwa miaka mingi.

Kulikuwa pia na wanawake sita waliolima nduma kwenye unyevu uliobaki. Kwa mkono wangu niliandika kanuni kwamba ndani ya hatua kumi kutoka ukingo wa maji hakuna chakula kitakachopandwa, kwa sababu maji yale ni ya barabarani na mimea inakunywa inachopewa. Niliiandika kwa nia njema. Bado naamini ni kanuni nzuri. Wanawake watano waliisikiliza, wakavuna, wakaondoka. Wa sita alikuwa Nyanchama, ambaye kila mtu alimwita Mama Lewis kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mjane, amelima pale miaka ishirini na miwili, na kwa nduma hiyo alikuwa amelea watoto wanne.

Hakugombana nami. Alinipitisha tu kwenye mistari yake, akinionyesha ipi ilipandwa lini, kama mtu anayemjulisha mgeni kwa jamaa zake.

Nikarudi kwenye mchoro. Nilipima, nikapima tena, na nje kidogo ya zile hatua kumi nikapata kipande cha upana wa mita nane na urefu wa mita thelathini. Nilikipaka rangi ya kijani. Injinia Ogeto alikikubali shingo upande, akisema ananiona nina moyo laini na moyo laini haujengi daraja. Nilimpelekea Mama Lewis ile karatasi, nikamwahidi.

"Hiki ni chako," nilimwambia. "Maji yatarudi bwawani, na wewe utabaki hapa."

Aliitazama rangi ile kwa muda mrefu. "Moiseke," alisema, yaani msichana, "usiniahidi kitu kwa sababu unanihurumia."

"Nakuahidi kwa sababu nimepima."

*

Mkutano wa kutafuta chemchemi ulifanyika mwezi wa Agosti, bondeni pale pale. Walikuja wazee wa ukoo uliokuwa ukiishi kando ya bonde kabla ya mji kuteremka hadi kwao. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nyangau, mdogo wake baba wa marehemu mume wa Mama Lewis. Alinyoosha fimbo kuelekea kwenye kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara. "Ng'ombe wetu walikuwa wanakunywa pale," alisema. Kisha akageuka. "Mama Lewis, wewe ndiye umekaa na udongo huu. Si ni pale?"

Mama Lewis alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Aliinamisha macho kwenye ncha ya leso yake.

"Ni kama pale," alisema.

Niliandika. Picha ya droni ilikuwa imeonyesha ardhi iliyo chini zaidi karibu na kalvati hiyo, na fimbo ya mzee ilikubaliana na picha. Nilifurahi jinsi vilivyolingana.

Ningekuwa mgeni kutoka pwani, au Mzungu mwenye mashine, ningesamehewa. Lakini mimi nimezaliwa Nyaramba. Nimelelewa katika chinsoni, ile haya ambayo Wagusii tunaiweka kati ya mzazi na mtoto, kati ya mke na baba wa mumewe na ndugu zake, ili kuna mambo yasitamkwe na kuna mahali pasitajwe wanapokuwa pamoja. Najua mwanamke wa kwetu anavyotazama chini anapokubali, na najua anavyotazama chini anapofunga mlango. Niliona vizuri ni upi kati ya hiyo miwili. Ningemfuata jioni ile, peke yetu, tukiwa tunamenya ndizi jikoni kwake, angeniambia. Sikumfuata. Nilikuwa na ramani.

*

Sikuwa na kisingizio hata kimoja, kwa sababu kimya cha namna hiyo nilikuwa nimekula nacho mezani.

Baba yangu, Alfayo, alikuwa na kipande cha bonde nyuma ya shamba letu la chai, na alikijaza mikaratusi mwaka niliozaliwa. Nilipoingia sekondari alianza kuiangusha, michache kila muhula. Kisima cha mama kilipungua, kikawa tope, kikafa, akawa anateka maji ng'ambo ya kilima. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipojifunza mkaratusi mmoja unakunywa kiasi gani kwa siku. Likizo ile nilienda nyumbani nimejiandaa kama anayekwenda kutoa ushahidi. Nilimkuta baba Ijumaa alasiri akipaka viatu rangi kwa ajili ya ibada ya Sabato.

"Tata," nilianza.

Alinyanyua brashi akaielekeza bondeni, ambako ilibaki miti labda kumi na mitano. "Unaiona?" alisema. "Vitabu vyako ndivyo hivyo vimesimama."

Alikuwa na furaha sana. Nikamwambia kwamba mitihani ilikuwa migumu lakini nimepita. Alifariki Machi iliyofuata, na miti saba ilikuwa bado imesimama.

*

Mikaratusi ya bustani tuliikata Septemba. Oktoba tulichimba bwawa karibu na kalvati, Novemba tukapanda matete, na kwa wiki kadhaa, mvua za vuli zikinyesha, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kisii. Nilikuwa nikiteremka asubuhi kabla ya vibarua kusikiliza vyura. Kisha mvua ikakatika. Kufikia mwisho wa Januari sakafu ya bwawa ilikuwa imepasuka vipande vya ukubwa wa sahani, na matete yalikuwa na rangi ya nyasi za kuezekea. Hakuna tone lililotoka chini.

Wakati huo huo sehemu moja ya njia, upande wa juu mashariki, ilikataa kukauka. Jua lilichoma kila kitu, lakini kabro pale zilitoa jasho na kuota ukungu wa kijani. Ogeto alisema changarawe haikushindiliwa. Ondieki na watu wake wakazing'oa, wakashindilia, wakazirudisha. Baada ya siku nne zilikuwa zimelowa tena.

Nilimkuta Mama Lewis kwenye kipande chake cha kijani, akimwagilia nduma kwa debe. Alikuwa akiteka maji kwenye bomba la kituo cha magari na kuyabeba kichwani.

Niliketi chini kwenye udongo, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuanza.

"Mama, chemchemi iko wapi?"

Aliendelea kumwagilia hadi debe likaisha. "Miezi sita," alisema. "Umekaa miezi sita kuja kuuliza hivyo. Chuoni walikufundisha kuuliza wanawake maswali mbele ya baba wakwe zao?"

"Hawakunifundisha. Mimi ndiye nilisahau."

"Hukusahau. Nilikuona ukiniona." Alilaza debe, akaketi pia, magoti yake yakilia. "Pale ng'ombe walipokunywa ni mwisho wa maji, si mwanzo. Wanaume walijua mwisho. Mwanzo ulikuwa wetu. Jicho lilikuwa ndani ya matete marefu, na chini yake kidogo kulikuwa na kidimbwi, tulikuwa tukioga huko, mimi na mama mkwe na wake wote wa boma. Hakuna mwanamume aliyekanyaga. Hata kupataja hawakupataja. Ulitaka nimwambie Mzee Nyangau, mbele ya watu, njoo hapa ndipo nilikuwa navua nguo?"

"Ni pale kwenye njia, sivyo? Panapolowa."

"Mmejenga juu yake." Kisha, kwa ukali kidogo, "Na mmeshindilia mara mbili."

Nilimwambia tutapafukua. Alinitazama usoni kwa namna ambayo sikuielewa siku ile, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua.

"Utafukua kweli?"

"Nitafukua."

"Basi tutachimba sisi. Kikundi chetu cha egesangio. Tunalimiana kwa zamu, sasa zamu itakuwa ya hiyo. Wanaume wasione."

*

Ogeto alikuwa katika ofisi ya mabati, anakunywa chai.

"Phanice, njia imemalizika Desemba. Unataka nivunje njia ya umma kwa sababu mama mmoja amekumbuka kitu? Alikuwa wapi mkutanoni?"

"Alikuwepo. Aliulizwa mbele ya Mzee Nyangau." Nilipunguza sauti, maana hata kumwambia yeye ilikuwa shida. "Injinia, wanawake walikuwa wakioga pale."

Aliweka kikombe. Ogeto ni mtu wa Suneka, Mgusii kama mimi, mwenye shangazi na mama wadogo wa kutosha, na niliona haya ikimpanda shingoni hadi masikioni. Hakuuliza swali lingine kuhusu jambo hilo, hadi leo.

"Nilimwona mkutanoni akitazama chini," alisema baadaye. "Nikafikiri wewe, kwa kuwa ni mwanamke, utalishughulikia."

"Nami nilifikiri ramani imelishughulikia."

Akanipa Ijumaa moja. Yasipopatikana maji hadi saa sita, njia itarudishwa na barua ya kueleza nitaiandika mimi, pamoja na ya kuacha kazi. Kisha, akiwa tayari amechukua kofia yake, akauliza wanaume wanapaswa kukaa umbali gani.

*

Siku hizi watoto wa shule huletwa pale na walimu wao kuhesabu vyura. Matete yamenizidi kimo. Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha, maji huingia juu yakiwa meusi na kutoka chini yakiwa na rangi ya chai nyepesi, na mtaalamu wa maji aliyekuja kuyapima alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Asubuhi moja nilikuta korongo wawili wenye taji wamesimama majini kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Huwa napewa sifa. Nasimama mbele ya wageni na kueleza mteremko, mizizi, vijidudu vinavyokula uchafu. Mama Lewis halimi pale tena. Amekodi shamba dogo Mosocho, kwenye udongo mwekundu ambao lazima aumwagilie. Wageni wanapouliza kama jamii ilishirikishwa, nasema ndiyo, wala sisemi uongo.

*

Ijumaa ile, saa nne na nusu, mkono wa Mama Lewis ulitulia. Aliutoa polepole. Shimo alilokuwa ameliacha lilijaa maji ya kijivu, yakatulia, kisha katikati yake kitu kikaanza kusukuma mchanga juu, kidogo kidogo, kama moyo wa mtoto unavyoonekana utosini. Purity aliacha mzaha. Mwanamke mmoja mzee alianza wimbo wa kanisani, akaukatiza, akafunika mdomo kwa leso. Tulichimba kwa mikono sasa, tukiogopa kuumiza kitu. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yamebadilika rangi, kisha hayakuwa na rangi.

Nilitaka kukimbia kwenda kumwambia Ogeto. Badala yake nilitazama yanakoelekea.

Mtu aliyesomea mteremko hahitaji kifaa kuuona. Zamani maji yalikuwa yakifika pale penye kalvati sasa, kabla barabara haijajengwa na udongo wake kumwagwa bondeni. Sasa udongo ule uliyazuia, yakageuka kushoto, yakatafuta pa chini zaidi, na pa chini zaidi palikuwa pale nilipopaka rangi ya kijani, njiani kuelekea bwawani. Uzi wa maji ulikuwa tayari umefika kwenye mstari wa kwanza wa nduma. Hatua kumi kutoka ukingo wake, upande huu na upande ule, zilikimeza kipande chote.

Niligeuka kumtafuta Mama Lewis. Alikuwa ameshateremka. Alikuwa ameshika magunia mawili matupu, yamekunjwa vizuri, aliyokuja nayo kutoka nyumbani asubuhi.

"Ulijua," nilisema.

"Miaka ishirini na miwili nisijue maji yanapita wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefukua?"

 Nikaanza kusema haraka, jinsi nisemavyo nikiogopa. Nilisema naweza kuyatia kwenye bomba tangu pale jichoni hadi bwawani, kipande chake kitabaki kikavu, nje ya mstari.

"Yamekaa chini ya mawe yenu muda wa kutosha," alisema.

"Basi nduma inapenda maji. Ibaki tu hapo, iote humo."

"Nduma haiogopi maji, moiseke. Ni karatasi yako inayoogopa." Hakusema kwa hasira. "Na wale wenzangu watano, utawaita warudi? Utamwambia nani kwamba uchafu wa barabarani unaingia katika nduma zao lakini hauingii katika yangu?"

 Kanuni ilikuwa yangu, sababu zake zilikuwa za kweli, na ahadi nayo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimefika kazini mwaka ule nikiamini kwamba ukiwa na nia safi na vipimo sahihi, mambo mema mawili hayawezi kukutana katika njia nyembamba na moja likalazimika kulipisha jingine.

Mama Lewis alikunja leso yake hadi magotini akaingia mstari wa juu, ambako maji yalikuwa yameanzia. Nilivua gambuti, nikamfuata. Nilishika shina la kwanza nikavuta, likakatika mkononi.

"Usivute kwa nguvu. Shika shingoni, chini kabisa, halafu zungusha. Ikikubali utasikia."

Nilizungusha. Ikakubali. Niliitikisa udongo, nikamkabidhi, akaitia guniani, na wale wanawake wengine wakateremka mmoja mmoja, bila kuitwa, kila mmoja akachukua mstari wake. Nyingine zilikuwa hazijakomaa, ndogo kama vidole gumba. Hizo pia tulizing'oa. Maji yakawa yanatufuata nyuma, mstari kwa mstari, yakijaza kila shimo tuliloliacha.

Tulipofika mwisho yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mama Lewis alifunga mdomo wa gunia la pili, akanyoosha mgongo, akainama tena na kunawa mikono yake humo, taratibu, hadi kwenye viwiko.

"Maji haya ni safi," alisema.

Nami sikuwa nimemuuliza.